Kanisa la Haddington: miaka 400 bila paa upande mmoja, alafu paa la faiba

Ukisikia "kanisa la Kigothi" unaweza kudhani ni kitu kimoja tu, jengo la mawe lililojengwa zamani sana, refu, giza giza, madirisha ya rangi, likakaa hivyo hivyo mpaka leo watalii wanapiga selfi. Kanisa la Mtakatifu Maria la Haddington, huko Scotland, ukilitazama haraka haraka linakupa picha hiyo hiyo, na hapo ndo linapokuchanganya. Lina urefu wa mita 62.8 kutoka magharibi mpaka mashariki, linahesabiwa kuwa refu kuliko makanisa yote ya parokia Scotland, mawe yake yana uwaridi uliochanganyika na kijivu, mnara mnene wa mraba umekaa katikati, pembeni mto Tyne unapita taratibu (sio ule Tyne wa Newcastle, huu ni mwingine mdogo, uko Scotland tupu). Ukiingia ndani unaona dari la matao limetanda kutoka mlangoni mpaka dirisha la mwisho, unasema kweli watu wa kale walikuwa mafundi. Kumbe dari la upande wa mlangoni ni plasta ya 1811, na dari la upande wa altare ni faiba, naam, faiba hii hii ya kutengenezea boti na matenki, liliwekwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kati ya mafundi wa kwanza na hao wa faiba kuna vita, kuna ugomvi wa dini, kuna ukuta uliokata kanisa katikati, na kuna karne nne ambazo nusu ya jengo ilikuwa gofu mvua inanyesha ndani.

Kwahiyo swali la "hili kanisa ni la mwaka gani" halina jibu moja, na wanaojibu kwa tarehe moja wanakudanganya kidogo.

Tuanze na umbo, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Ramani yake ni msalaba uliolala chini, kichwa kinaangalia mashariki. Mguu mrefu wa magharibi ndo ukumbi wa waumini, hapo wananchi walisimama, nasema walisimama kwa sababu zama hizo mabenchi kanisani hayakuwa kitu cha kawaida. Mikono miwili, kaskazini na kusini, inakutana katikati chini ya mnara. Kichwa cha msalaba, kule mashariki, ndo ulikuwa upande wa mapadri, kwenye altare kuu na viti vya waliokuwa wanaimba sala, na kati ya huko na wananchi kuna kizuizi, wewe mwananchi unasikia Kilatini kinatoka upande wa pili basi.

Sasa hapa kuna jambo watu wengi wanaliruka na mimi naona ndo ufunguo wa kila kitu: pande hizi mbili zilikuwa na wenyewe tofauti. Kwa taratibu za kanisa za wakati ule sehemu kubwa ya Ulaya ya magharibi, anayekula zaka ya parokia ndo mwenye jukumu la kutunza upande wa altare, na waumini wenyewe wanatunza ukumbi wao. Parokia ya Haddington mfalme David I alikuwa ameshaitoa karne ya 12 kwa watawa wa St Andrews, mji ulio mbali kaskazini ng'ambo ya ghuba. Kwahiyo zaka ya wakulima wa Haddington inapanda boti inaenda kwa watawa, na upande wa mashariki wa kanisa ni mzigo wa watu ambao hata hawakai hapo mjini. Jengo moja, wenye nyumba wawili. Shika hilo.

Mtindo wenyewe unafanyaje kazi

Kigothi ukiondoa mapambo yote ni namna ya kupambana na uzito. Dari la mawe ni zito mno, na tao lolote linataka kusukuma kuta nje. Chukua ngazi ya miguu miwili uisimamishe kwenye sakafu inayoteleza, ukiitanua sana miguu inakimbia, ukiibana ikawa ndefu na nyembamba inasimama vizuri kwa sababu uzito unashuka chini badala ya kwenda pembeni. Tao la nusu duara ni ile ngazi iliyotanuliwa, tao lenye ncha ni ile iliyobanwa. Hapo hapo mafundi wakaongeza mbavu za mawe kwenye dari, uzito unakusanywa kwenye mbavu, mbavu zinashukia kwenye nguzo, na nje ya ukuta wanaweka nguzo nene za kuegemeza pale pale ambapo msukumo unatokea. Ukishafanya hivyo ukuta wa kati ya nguzo na nguzo haubebi kitu kikubwa tena, unaweza kuutoboa ukaweka dirisha la kwenda juu. Ndo maana makanisa haya yana madirisha makubwa, sio urembo tu, ni hesabu. Ukipita St Joseph pale Dar es Salaam, lile walilojenga Wajerumani kati ya 1897 na 1902, matao yale ya ncha ni ya ukoo huu, ila yale ni ya kuiga, yamejengwa karne nyingi baada ya mtindo wenyewe kuisha Ulaya.

Lakini Kigothi cha Scotland kina tabia yake. Kuanzia 1296 Scotland na Uingereza walipigana vita mfululizo, na ile hali ya zamani ya mafundi kuvuka mpaka na kubeba mitindo ikapungua sana. Uingereza wakaendelea na mtindo wao wa mistari mirefu iliyosimama wima na madirisha mapana kama ukuta mzima ni kioo, Waskoti wakautazama wakasema huo baki nao. Wao wakageukia Ufaransa na nchi za Flanders, walikokuwa wanauza sufu na ngozi zao, alafu wakafanya kitu cha ajabu kidogo, wakarudia tao la duara ambalo Ulaya yote ilikuwa imeshaliacha. Kuta zao ni nene, nguzo fupi zenye nguvu, mapambo kidogo. Mtu aliyezoea makanisa makubwa ya Ufaransa anaweza kuona kama Waskoti walikosa hela, na ni kweli hela ilikuwa shida, ila mimi naona pia ni ladha, walipenda jengo linaloonekana limekaa chini. Mlango wa magharibi wa Haddington uone kwa karibu: ni milango miwili pacha imetenganishwa na nguzo moja nyembamba katikati, yote imefunikwa na tao moja kubwa juu, na ukirudi nyuma hatua kadhaa unaona dirisha refu limekaa moja kwa moja juu yake.

Kuhusu lini walianza: mwanzoni mwa Februari 1356 mfalme Edward III wa Uingereza alipita Lothian, eneo ambalo Haddington imo, anachoma kila kitu, Waskoti mpaka leo wanaliita tukio hilo Candlemas iliyoungua, kwa sababu lilikuwa msimu wa sikukuu hiyo ya mishumaa. Haddington ikaungua, na kanisa la watawa wa Mtakatifu Fransisko lililokuwa linasifiwa kama Taa ya Lothian likaungua nalo, jina hilo likaja kurithiwa na hili kanisa la Maria baadaye. Kanisa la Maria la zamani nalo halikusalimika. Basi kwenye miaka ya 1370 wakaanza upya, na kazi ikaenda karibu karne nzima, ikisimama hela ikiisha, ikiendelea zikipatikana. Kwahiyo hata jengo la "mwanzo" lenyewe lilijengwa na vizazi vitatu vinne, hakuna mchoraji mmoja aliyekaa akalipanga lote.

Kanisa lenye kazi nyingi kwa wakati mmoja

Kabla ya 1560 usifikirie kanisa la kukaa watu wote wanamsikiliza mchungaji mmoja. Ndani ya kanisa la mji kama hili kulikuwa na altare nyingi, kila chama cha mafundi, waokaji, washonaji, mafundi viatu, kinataka altare ya mtakatifu wake na padri wa kuisomea misa, na matajiri wanaacha hela ili wasomewe misa wakishakufa, roho zao zitoke toharani mapema. Asubuhi moja misa kadhaa zinaweza kuwa zinaendelea kwenye kona tofauti. Siku za sikukuu kuna maandamano yanazunguka jengo lote kutoka mlangoni mpaka altare kuu. Ukilielewa hilo unaelewa kwa nini jengo lina mikono, lina njia za pembeni, lina urefu wote ule. Ule urefu ulikuwa unatumika.

Na hapo hapo ndo moto ulipoanza kuwaka, moto wa maneno. Mwanzoni mwa 1546 mhubiri George Wishart, aliyekuwa anafundisha mafundisho mapya ya Matengenezo, yaani ya Kiprotestanti, alikuja kuhubiri kwenye hili kanisa. Mbele yake alikuwa anatembea kijana mmoja mzaliwa wa Haddington amebeba upanga wa mikono miwili, mlinzi wake, jina lake John Knox, huyu ndo aliyekuja kuongoza Matengenezo ya Scotland. Wishart alizoea kuhutubia maelfu, siku ile kwenye kanisa lote hili walikuja kama watu mia tu, kwa sababu Earl wa Bothwell, bwana mkubwa wa eneo lile, alikuwa ametia watu hofu wasiende. Wishart akakasirika, akahubiri kwa ukali, baada ya mahubiri akamwambia Knox arudi kwa wanafunzi wake, mtu mmoja anatosha kuwa sadaka. Usiku ule ule akakamatwa kijiji cha Ormiston, na tarehe 1 Machi akachomwa moto St Andrews. St Andrews, huko huko zaka ya Haddington inakokwenda.

Kilichofuata kilienda kasi. Kadinali aliyeamuru Wishart achomwe naye akauliwa ndani ya ngome yake Mei mwaka huo, Knox akaenda kujiunga na wale waliokuwa wameishika ngome, Wafaransa wakaja na meli wakaiteka Julai 1547, na Knox akajikuta amefungwa kwenye benchi la makasia, anavuta meli ya kivita ya Wafaransa kama mtumwa, mpaka mapema 1549. Kumbuka hiyo miaka, maana kanisa la kwao lilikuwa linapigwa mizinga yeye akiwa kwenye makasia.

Vita vilivyoondoa paa

Uingereza ilikuwa inataka malkia mdogo wa Scotland, Mary, aolewe na mfalme wao kijana Edward VI. Waskoti wakakataa, Waingereza wakaja kuposa kwa mizinga. Septemba 1547 wakawapiga Waskoti vibaya sana kwenye vita vya Pinkie, na mwaka uliofuata wakaingia Haddington wakaigeuza ngome, wakachimba mahandaki na kujenga kuta za udongo kuuzunguka mji. Wafaransa wakaleta jeshi kusaidia Waskoti, mji ukazingirwa. Julai 7, 1548, kwenye nyumba ya watawa wa kike nje kidogo ya mji, yaani mizinga inasikika, viongozi wa Scotland wakakaa kikao wakakubali Mary apelekwe Ufaransa akaolewe na mtoto wa mfalme wa huko. Mtoto ana miaka mitano. Mwezi uliofuata akapanda meli akaondoka.

Kanisa lilikuwa chini karibu na mto, kwenye mstari wa moto kabisa. Jengo kubwa la mawe lenye mnara likiwa kando ya ngome ya adui halina namna ya kubaki salama, kila upande unalitaka au unataka mwingine asilipate. Paa la upande wa mashariki na la ile mikono miwili likaenda, dari la mawe likafuata, kengele zikachukuliwa na Waingereza. Waingereza wenyewe wakashindwa, tauni, njaa, gharama, Septemba 1549 wakaondoka. Ukizunguka kanisa kwa nje leo unaona mawe yana vishimo vishimo vya risasi, hakuna aliyejisumbua kuviziba na nashukuru.

Sasa fikiria mji umeungua, watu wamekufa, na kanisa lenu nusu ni gofu. Kwa kawaida mngejenga tena, polepole, kama babu zenu walivyofanya baada ya 1356. Hawakufanya hivyo, na sababu sio umaskini peke yake. Agosti 1560 Bunge la Scotland lilikataa mamlaka ya Papa na kupiga marufuku misa. Altare za vyama vya mafundi, hazina kazi. Misa za marehemu, hazina kazi. Maandamano ya sikukuu, hayapo. Padri wa kuimba sala nyuma ya kizuizi, hayupo. Kinachohitajika ni chumba ambacho watu wote wanamwona mhubiri mmoja na kumsikia, na wanakula meza ya Bwana pamoja. Kwa kazi hiyo ukumbi wa magharibi peke yake ulikuwa unatosha na kubaki. Na yule mwenye nyumba wa pili, watawa wa St Andrews, ambaye kwa desturi ndo angedaiwa kutengeneza upande wa mashariki, mambo yake yalikuwa yanavunjika. Kwahiyo unaona, upande wa mashariki haukuachwa tu kwa sababu ulipigwa na mizinga. Uliachwa kwa sababu kazi yake ilifutwa na mwenye kuulipia alifutwa pia, ndani ya miaka kumi na kitu hivi.

Mwaka 1561 baraza la mji likaamua kutengeneza upande wa magharibi. Mapokeo ya hapo yanasema Knox ndiye aliyewashauri, mzaliwa wa ng'ambo ya mto pale pale, mtaa wa Giffordgate. Wakajenga ukuta kufunga tao la mnara, upande huu kanisa, upande ule magofu.

Na Haddington sio peke yao. Stirling, Kanisa la Msalaba Mtakatifu ambalo mfalme James VI alivishwa taji humo Julai 1567 akiwa na mwaka mmoja, lilikatwa kwa ukuta 1656 kwa sababu ya ugomvi wa wachungaji wawili na wafuasi wao, ukuta ukakaa mpaka miaka ya 1930. Edinburgh, St Giles ilikatwa vipande mpaka ikawa na makanisa manne ndani ya jengo moja, na vyumba vingine vikageuzwa ofisi za mji na jela, ikaja kuunganishwa tena 1883 kwa hela za mchapaji vitabu William Chambers. Waskoti walikuwa na majengo makubwa ya ibada iliyokufa na ibada mpya isiyojua ifanye nini na ukubwa huo. Jibu lao likawa tofali na chokaa.

Wasomaji wa Kenya hapa mna la kwenu. PCEA, kanisa la Kipresibiteri la Afrika Mashariki, ni mtoto wa hawa hawa, wamisionari wa Scotland walianza Kibwezi 1891 wakahamia Kikuyu 1898, na hilo jina la Thogoto, pale Kikuyu ilipo misheni yao, linatokana na Scotland yenyewe. Ule utaratibu wa wazee wa kanisa, parokia, presbiteri na moderator, bila askofu, ndo ulioingia Haddington baada ya 1560, sio kwa siku moja, kulikuwa na zaidi ya miaka mia ya kuvutana na wafalme waliotaka maaskofu warudi. Kwahiyo mtu wa PCEA akiingia kwenye jengo kama hili atakuta ibada anayoijua ndani ya jengo lililotengenezwa kwa ibada nyingine kabisa.

Plasta, kaburi, faiba

Karne ya 18 naipita haraka, watu walisali, jengo likachakaa. 1811 msanifu Archibald Elliot akaletwa kukarabati ukumbi wa magharibi, akapandisha kuta za pembeni, akaweka dari la plasta lenye mbavu za kuigiza, linaonekana Kigothi lakini halibebi hata kilo moja. Wapo wanaoliponda, mimi naona kwa 1811 angeweza kufanya vibaya zaidi ya hapo.

Upande wa pili wa ukuta ulikuwa na maisha yake. Magofu yakawa makaburi. Familia ya Maitland, wakubwa wa Lauderdale, walichukua chumba cha kaskazini ambacho zamani mapadri walikuwa wanavalia, wakakigeuza cha kuzikia watu wao, wakaweka sanamu za alabasta zimelala na nguo zao za heshima, mmoja ni John Maitland aliyekuwa waziri mkuu wa kifalme na kufa 1595. Na kwenye uwanja wa wazi, pale ilipokuwa altare na viti vya waimbaji, wakazikwa watu wa mji. 1866 akaletwa Jane Welsh Carlyle, mzaliwa wa Haddington, mwandishi wa barua ambazo watu wanazisoma mpaka leo, amefia London ghafla ndani ya gari la farasi, akazikwa na baba yake daktari. Mume wake Thomas Carlyle akaandikisha kwenye jiwe kwamba amenyang'anywa ghafla, na mwanga wa maisha yake ni kama umezimika. Alipozikwa kaburi lilikuwa nje, linapigwa na mvua na theluji. Leo kaburi hilo hilo liko ndani, kwenye sakafu ya kanisa, hakuna aliyelihamisha, ila kanisa limekuja kulifunika.

Ilikuwaje? Karne ya 19 watu walipenda magofu, wachoraji walikuwa wanakuja na turubai zao, gofu lilikuwa na mvuto kuliko kanisa zima. Baada ya vita vya pili vya dunia mawazo yakabadilika, Haddington ikawa mji wa mfano Scotland kwa kukarabati nyumba zake za zamani badala ya kuzibomoa, 1967 ukaanzishwa mfuko wa Lamp of Lothian (yaani ile ile Taa ya Lothian), Elizabeth, Duchess wa Hamilton, akiwa mstari wa mbele, lengo majengo ya zamani yarudi kutumika kwa muziki, sanaa na elimu. Kwenye upepo huo wakasema ule ukuta uvunjwe, paa lirudi, kanisa liwe moja tena.

Hapo mainjinia wakakutana na ile hesabu ya ngazi. Dari la mawe lingekuwa bei ya kuua mtu, lakini hela ilikuwa shida ya pili. Ya kwanza ni kwamba kuta zimekaa miaka 400 kichwa wazi, maji yameingia kwenye chokaa, barafu imepasua viungo, sasa unataka kuzirudishia tani na tani za mawe zinazosukuma nje? Ofisi ya wasanifu ya Ian G. Lindsay iliyopewa kazi ikaja na faiba. Unatengeneza dari la mbavu kwa umbo lile lile, unalipa rangi ya jiwe, na uzito wake ni kidogo mno kwamba halisukumi ukuta wowote. Kazi ikakamilika 1973, ukuta wa kugawanya ukaondoka, na kwa mara ya kwanza tangu siku za Knox mtu akasimama mlango wa magharibi akaona dirisha la mashariki.

Wapo waliochukia. Kuna shule ya mawazo Uingereza iliyoanzishwa na William Morris 1877 inayosema jengo la kale ulitunze kama lilivyo, ziba panapovuja, usijifanye fundi wa karne ya 15. Kwa mtazamo huo dari la faiba ni uongo wenye rangi ya jiwe. (Utani wa mambo ni kwamba kwenye mkono wa kusini wa kanisa hili kuna dirisha la vioo la mchoraji Burne-Jones, rafiki na mshirika mkubwa wa huyo huyo Morris.) Hoja yao naielewa, ila siikubali kwa hapa. Faiba haikuficha kitu: angalia nguzo na kuta za mashariki kwa karibu, mawe yamelika, kona zimeviringika, uso wa jiwe umekuwa kama umelambwa, hiyo ni kazi ya mvua ya karne nne na hawakuipiga plasta. Pandisha macho juu ya hapo, kila mbavu imenyooka, safi, rangi moja. Mpaka wa zama mbili unaonekana kwa macho tu. Alafu siku moja wakitaka kulitoa dari lile wanalitoa, ukuta wa kale unabaki kama ulivyokuwa, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu zege walilomwaga watu wengi miaka hiyo hiyo kwenye majengo ya kale sehemu nyingine.

Linlithgow, magharibi ya Edinburgh, walifanya kinyume: taji la mawe juu ya mnara wa St Michael lilitolewa karne ya 19 kwa sababu lilikuwa zito, 1964 wakaweka taji la alumini lenye ncha ncha, halijifanyi jiwe hata kidogo, na mpaka leo wenyeji wanagombana kama ni zuri au limeharibu mji. Haddington hakuna anayegombana, wageni wengi hata hawajui.

Kengele zilichukua muda mrefu zaidi. Mnara ulikaa kimya tangu Waingereza walipozibeba, mpaka 1999 zikafungwa kengele nane. Na kile chumba cha Maitland sasa ni kikanisa cha Wafalme Watatu, wanakitumia kwa sala Wapresibiteri, Waanglikana, Wakatoliki na Waorthodoksi, ndani ya kanisa la parokia la mji aliozaliwa Knox. Chini yake amezikwa Duke wa Lauderdale, aliyekufa 1682 baada ya kuitawala Scotland kwa niaba ya mfalme na kuwabana Wapresibiteri wakubali maaskofu. Kila Septemba tamasha la muziki la Lammermuir, lililoanza 2010, linajaza jengo zima, na ule urefu ambao baada ya 1560 haukuwa na kazi sasa wanamuziki wanausifia kwa jinsi sauti inavyosafiri.

Ukibahatika kufika, Haddington siku hizi haina stesheni ya treni ya abiria, panda basi Edinburgh, shuka mjini, teremka kuelekea mtoni. Ingia kwa mlango wa magharibi, usikimbilie vioo, anza na dari: plasta mpaka chini ya mnara, faiba kuanzia hapo kwenda mbele. Alafu simama chini ya tao la mnara, upande wa magharibi, hapo ndo ulipokuwa ukuta.